Sikio la Hayawahusu

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Kashaulili nikitafuta dagaa, mwanamke mmoja akafunua ndoo ya asali karibu kabisa na mguu wangu. Haikuwa ile asali ya chupa, iliyochujwa mpaka inang'aa kama chai ya rangi. Ilikuwa asali ya porini, nyeusi, yenye vipande vya nta na mabawa ya nyuki yaliyonasa juu, na harufu yake ilikuwa nusu utamu, nusu moshi. Nikasimama palepale. Muuzaji akanitazama, akaniuliza, "Dada, sikio linakuuma?" Ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimeshika sikio langu la kushoto kwa vidole viwili, nimelikunja kama mtu anayekunja leso.

Nikacheka, nikamwambia hapana, nimemkumbuka mbwa. Akanitazama vizuri zaidi, kisha akafunika ndoo yake.

Simlaumu. Ila nyie mnaonisikiliza mna subira kuliko muuza asali, na kwenu naweza kulisema jambo ambalo nimelibeba kwa miaka mingi.

Nilikuwa na miaka tisa, na tulikuwa tunaishi Litapunga. Baba yangu alifanya biashara ya migebuka. Alikuwa anakwenda Karema, ziwani, anakaa huko wiki mbili au tatu, halafu anarudi na matenga ya samaki wakavu, harufu yake ikiwa imemtangulia nusu kilomita. Kwa hiyo siku nyingi nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili, mama na mimi. Upande wa pili wa ua wa minyaa alikaa mama Kalisti. Mume wake alikuwa mrina asali, mtu wa kuingia msituni na kukaa huko na mizinga yake. Mtoto wao Kalisti alikuwa ameshakuwa mtu mzima, anaishi mjini Mpanda. Yaani walikuwa wanawake wawili, waume zao mbali, na ua mmoja katikati. Mngetegemea wawe marafiki.

Hawakuwa. Ugomvi ulianzia kwenye mpunga. Kuku wa mama Kalisti waliparua mpunga ambao mama yangu alikuwa ameuanika kwenye turubai, na mama aliposema, mama Kalisti akajibu kwamba kuku wake wana akili, mpunga wenye mchanga mwingi hawawezi kuula, labda walikuwa wanausaidia kuupepeta. Neno hilo likamwingia mama kama mwiba. Mama hakuwa mtu wa matusi. Alikuwa Mkatoliki wa kupiga ishara ya msalaba hata akikwaruzwa na kuni. Basi baba aliporudi safari ile na mbwa mdogo ndani ya tenga tupu la samaki, mama alimpa jina kabla hajaguswa na mtu. Akamwita Hayawahusu.

Mnaovijua vijiji vyetu hamtashangaa. Kwetu mbwa ni barua. Humwambii jirani unachokifikiri, unamwita mbwa wako jioni kwa sauti kubwa. Mama Kalisti alisikia jina lile siku tatu tu. Siku ya nne alinunua jogoo mwekundu, na magharibi ilipofika tukamsikia akiita, "Tumesikia! Tumesikia wee, njoo ulale!"

Jioni zetu zikawa hivyo. Upande huu, "Hayawahusu!" Upande ule, "Tumesikia!" Wapita njia walikuwa wanapunguza mwendo wa baiskeli ili wasikilize.

Mimi sikuweza kumwita hivyo kila mara, ulimi ulikuwa unachoka. Nilimwita Haya. Alikuwa na rangi ya majani ya tumbaku yaliyokaushwa, kifua cheupe, na masikio ambayo hayakuelewana. La kulia lilisimama wima, la kushoto lilianguka mbele kama ukurasa uliokunjwa. Ndani lilikuwa laini, la waridi, lenye joto. Baba akiwa Karema na radi inapiga, nilikuwa nachuchumaa karibu na Haya, nalishika sikio lile katikati ya kidole gumba na cha shahada, nalisugua polepole mpaka mvua inakwisha. Hakuwahi kuliondoa mkononi mwangu. Mama alisema, "Huyu mtoto anasali rozari ya sikio."

Siku ninayotaka kuwaambia ilikuwa ya likizo, mwezi wa sita, mpunga unavunwa. Asubuhi Haya alikuwa ameingia kwa mama Kalisti, akala mayai manne ya kuku aliyekuwa analalia. Mama Kalisti akaja mpaka kwenye ua wa minyaa, mikono kiunoni.

"Mama Sesi! Mfunge mbwa wako! Leo mayai, kesho mtamkuta hana masikio!"

Mama alimwita mbwa mara mbili kwa jina lake kamili, taratibu, akichukua muda kwenye kila silabi. Kisha akachukua mundu, akaniambia niangalie maharage jikoni yasikaukiwe maji, akaenda shambani.

Nikabaki na maharage na Haya. Jua lilikuwa limepanda, ukuta wa nyumba yetu, ambao mama alikuwa ameupaka chokaa wiki ile kwa ajili ya kumpokea baba, uling'aa mpaka unaumiza macho. Haya alilala chini yake. Nilipokwenda kumshika sikio nikakuta kupe. Alikuwa mkubwa, wa kijivu, amevimba kama punje ya mbarika, ameng'ang'ania kwenye ukingo wa sikio la kushoto. Nilijaribu kumvuta, akateleza vidoleni. Nikaona aibu kwa niaba ya Haya, kuwa na mdudu kama yule mahali nilipopapenda mimi.

Wakati ule kila mwanafunzi alikuwa na nusu ya wembe kwenye mkebe, ya kuchongea penseli. Mama alikuwa ameniambia zaidi ya mara kumi, wembe ule ni wa penseli tu. Nikaenda nikauchukua. Nilijiona nesi. Nilijifunga hata kanga ya mama kifuani. Nikamshika sikio kwa mkono wa kushoto, nikauelekeza wembe pale kupe alipoanzia, na nikasema, kama manesi wanavyosema, "Utasikia kidogo tu."

Inzi akatua juu ya pua yake. Haya akatikisa kichwa.

Sikuhisi chochote. Wembe mpya haupigi kelele. Niliona tu ukingo wa sikio umefunguka, mpasuko wa urefu wa ukucha, mweupe kwanza, kisha mwekundu. Kupe alikuwa bado yupo, mzima.

Jeraha lilikuwa dogo, najua sasa. Lakini sikio la mbwa hata likikatwa kidogo hutoka damu kana kwamba amechinjwa, na mbwa akisikia kitu cha moto kinamtiririka sikioni, anatikisa kichwa, na akitikisa kichwa damu inaanza upya. Haya alisimama, akajitikisa. Ukuta wote mweupe ukapata madoa, juu mpaka chini. Akajitikisa tena. Gauni langu, mtungi, kuni, hata mfuniko wa sufuria ya maharage. Nilimfunga kipande cha kanga kichwani, akakivua kwa mguu. Nikamfunga tena, akakivua tena. Nilikuwa nalia bila sauti.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinifuata. Hakunikimbia. Alikuja akaweka kichwa chake chenye damu mapajani mwangu, sikio lile lile likiwa upande wangu, akatulia, kama alivyozoea akiniona ninalia. Hakuwa amejua ni nani aliyemuumiza. Au alijua, na kwake halikuwa jambo la kubadilisha chochote.

Niliufuta wembe kwenye pindo la gauni, nikaurudisha kwenye mkebe, nikafunika.

Mama alirudi jua likiwa utosini. Alisimama mlangoni mwa ua, mundu begani, akautazama ukuta wake, akamtazama mbwa, akanitazama mimi. Maharage yalikuwa yanaungua, hakuna aliyejali.

"Sesi. Nani kafanya hivi?"

Nataka niwaeleze vizuri hapa, maana ndipo lilipo jambo lenyewe. Sikusema uongo. Sikufungua mdomo kabisa. Ila macho yangu yaliondoka usoni kwa mama, yakatafuta mahali pa kukimbilia, yakakimbilia kwenye ua wa minyaa. Ni hivyo tu. Mama akayafuata.

"Hana masikio," alisema polepole. "Alisema tutamkuta hana masikio."

Alikwenda mpaka kwenye ua, na yale aliyokuwa ameyazuia tangu msimu wa mpunga uliopita yakatoka yote. Mama Kalisti alitoka ndani na unga mikononi.

"Umemkata mnyama panga kwa mayai manne?" mama alikuwa anapiga kelele. "Mayai manne, mama Kalisti! Mbele ya mtoto wangu!"

"Mimi? Mimi nimekata nini?"

"Njoo uone ulichokata!"

Akaja. Alizunguka ua, akaingia kwetu kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Nilidhani atajitetea, nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango nikisubiri aape. Lakini alipomwona Haya anajitikisa, damu inaruka, aliinama kulitazama sikio. Mama alikuwa ameshashika kibatari, anataka kummiminia mafuta ya taa sikioni.

"Usimwekee mafuta ya taa," mama Kalisti alisema. "Utamuunguza. Una chumvi?"

"Usinifundishe kwangu."

"Sikufundishi. Nauliza una chumvi?" Akageuka bila kusubiri jibu. "Mimi nisute baadaye, mama Sesi. Nitakuwepo, siendi popote. Chemsha maji."

Alirudi na kopo la asali, kitambaa cheupe alichokipiga pasi, na kiti kidogo cha kukalia. Mama alichemsha maji. Sijui kwa nini alitii. Nadhani ni kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwepo, bwana mifugo alikuwa ameshuka Mpanda tangu juzi, na mbwa alikuwa mbwa wa baba.

Mama akamfunga Haya mdomo kwa ukanda wa kitambaa, taratibu, akamkumbatia mwili. Mimi nikaitwa nishike kichwa. Mama Kalisti akalikunja sikio ndani ya kile kitambaa cheupe, akalibana kati ya viganja vyake viwili.

"Hapa ni kubana tu," alisema. "Usifunue kuchungulia. Ukichungulia unaanza upya. Tutasali Salamu Maria kumi, polepole, ndiyo saa yetu."

Akaanza. Kwa desturi mmoja huanza na mwingine humalizia, kwa hiyo mama yangu hakuwa na namna. Ukisikia nusu ya Salamu Maria, Mkatoliki huwezi kuiacha ikining'inia. Mama akaimalizia, kwa kununa, akiwa ameangalia pembeni. Ya pili akaimalizia akiwa ameangalia chini. Kufikia ya sita sauti zao zilikuwa zimelingana. Haya alipumua kwa nguvu puani, pumzi yake ya moto mkononi mwangu, na mimi katikati ya wanawake wale wawili nilisali kuliko nilivyowahi kusali, na nilichoomba siwezi kukisema, kwa sababu niliomba damu ikatike na pia niliomba nisijulikane.

Damu ikakatika.

"Sasa nipunguze haya manyoya, yasiingie kwenye kidonda," mama Kalisti alisema. "Mna wembe?"

"Sesi," mama alisema, "lete ule wa penseli."

Nilikwenda ndani. Nilifungua mkebe, nikautazama wembe, nikaona ni msafi, nikaufuta tena kwenye kanga, na nikautoa nje. Mama Kalisti aliupokea, akautazama muda wa kupumua mara moja. Kisha akautumbukiza kwenye bakuli la maji ya moto, akausugua kwa kidole gumba.

"Penseli zina uchafu," alisema, na akaanza kukata manyoya.

Nikashukuru Mungu. Nilidhani hakuona kitu.

Alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyopoa. Alimkamata kupe yule kwa kucha mbili karibu kabisa na ngozi, akamvuta moja kwa moja bila kumzungusha, akamtoa mzima, akamtupa motoni. "Hivi ndivyo kupe anavyotolewa," alisema, bila kumtazama mtu. Akapaka asali, tabaka nyembamba. Halafu akalilaza sikio juu ya utosi wa Haya, akaomba soksi. Soksi zangu za shule zilikuwa mbili tu. Alikata ncha ya moja, akamvisha Haya kichwani kama kilemba, macho na pua nje, sikio limebanwa ndani lisiweze kupigwa-pigwa tena. Haya alisimama akatutazama. Alifanana na bibi kizee anayekwenda misa ya kwanza.

Mama yangu akacheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akaficha uso kwenye kanga. Mama Kalisti naye akacheka. Kisha wote wakakumbuka kwamba wamegombana, wakakaza nyuso.

"Nitakuja asubuhi na jioni kumbadilisha," mama Kalisti alisema akikusanya vitu vyake. "Sesi atakuwa nesi wangu."

Akaja kweli. Asubuhi na jioni, siku kumi. Nilikuwa nachemsha maji, napoza, natia chumvi. Alinionyesha kunusa kidonda ili kujua kama kinaharibika, kutazama kama inzi wametaga, kupaka asali kidogo na si nyingi, maana siku ya pili tulipaka nyingi na asubuhi tukamkuta Haya ameandamwa na sisimizi kutoka mlangoni mpaka kichwani. Ubaya wa asali ni kwamba mbwa anaipenda. Uzuri wa sikio ni kwamba mbwa hawezi kulilamba. Mikono ya mama Kalisti ilikuwa migumu, yenye makovu madogo ya kuumwa na nyuki, lakini ilipomgusa Haya ilikuwa kama haina uzito. Hakuniuliza kitu hata siku moja. Alikuwa anaongea habari za kawaida, habari za mumewe msituni, za jogoo wake mkorofi. Mara nyingine ananyamaza tu, muda mrefu, mikono inafanya kazi. Nilikuwa naogopa ukimya ule kuliko kitu chochote.

Mama naye alikuwa na maelezo yake. "Dhamiri inamsuta," aliwaambia wanawake wenzake kisimani. "Aliyekata ndiye anayetibu." Maneno yakatembea. Mama Kalisti ndiye aliyekuwa anafundisha watoto wa jumuiya yetu nyimbo, kila Jumamosi, kwenye benchi refu mbele ya nyumba yake. Kwa kawaida tulikuwa watoto kumi na tano au zaidi, tukisukumana. Jumamosi ile mama alinikataza kwenda. Nilichungulia kupitia minyaa. Walikuwa watoto watatu. Kina mama wengine nao walikuwa wamewazuia wa kwao, wakisema mtu anayeinua panga kwa mnyama asiyesema, kesho atainua kwa nani. Mama Kalisti alikaa kwenye benchi na wale watatu, akawaimbisha wimbo wote mpaka mwisho, sauti yake ndiyo ikijaza nafasi za wasiokuwepo. Jioni akaja na kopo lake kama kawaida. "Nesi, maji yamepoa?"

Nilimjibu yamepoa. Sikuweza kumtazama.

Siku ya kumi gamba la kidonda lilidondoka lenyewe. Chini yake ngozi ilikuwa mpya, ya waridi, na kwenye ukingo pamebaki pengo dogo, kama tikiti ya basi iliyotobolewa na kondakta. Mama Kalisti alimvua Haya soksi kwa mara ya mwisho. Haya akajitikisa kwa nguvu, tukajikinga nyuso kwa mazoea, na hakuna kilichoruka.

Mama alitoka ndani na ungo wa mchele mpya. Nadhani alikuwa amelipanga jambo lile siku nzima, maana alikuwa amevaa kitenge kizuri. Alisimama mbele ya mama Kalisti, akasafisha koo.

"Mama Kalisti. Binadamu tunakosea. Hasira ni kitu kibaya. Lakini umemuuguza, nimeona kwa macho yangu. Mimi nimekusamehe."

Mama Kalisti alikuwa bado ameinama juu ya kopo lake. Aliinuka polepole. Nilingoja aseme. Nilijua sasa atasema, hakuna mtu anayeweza kusamehewa kosa ambalo hakulifanya akanyamaza. Akapokea ungo kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama desturi.

"Asante, mama Sesi," alisema.

Hapo ndipo kitu kikakatika ndani yangu. Angelia ningevumilia. Angegomba ningejificha. Lakini ile asante sikuiweza.

"Ni mimi!" nilipiga kelele, kana kwamba mtu alikuwa ananikaba. "Ni mimi, mama, ni wembe wangu, nilikuwa nakata kupe! Mama Kalisti hajafanya kitu!"

Nilifumba macho nikasubiri kofi. Halikuja. Nilipofumbua, mama alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, kitenge chake kizuri kwenye vumbi, amemkodolea macho mama Kalisti.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu aliponiletea wembe. Ulikuwa umebakiwa na manyoya ya mbwa."

"Na ukaniacha niseme yote yale kisimani?"

"Ulikuwa unasema kwa sauti kubwa, mama Sesi," mama Kalisti alisema. "Neno langu lingepitia wapi?"

Mama alifunika uso. Nilidhani anacheka tena, lakini mabega yalikuwa yanakwenda vibaya. Mama Kalisti akaweka ungo chini, akakaa kando yake kwenye kile kinu. Haya, ambaye hakuweza kuona mtu analia akabaki alipo, akaenda akawawekea kichwa, nusu kwa huyu, nusu kwa yule.

Mama hakunipiga siku ile wala baada ya siku ile. Jumamosi iliyofuata alinishika mkono, tukazunguka ua, akanikalisha mwenyewe kwenye benchi mbele ya nyumba ya mama Kalisti. Kisha akasimama mbele ya kina mama waliokuwa wanapita kwenda kisimani, akasema kwa sauti ileile kubwa, "Nilimsingizia mama Kalisti. Mbwa alikatwa na mwanangu. Walioshika maneno yangu wayaachie." Alikuwa mwanamke mwenye majivuno, mama yangu. Wiki iliyofuata benchi lilikuwa limejaa mpaka wengine tukakaa chini.

Kuhusu mbwa na jogoo, majina hayakubadilika, wenyewe walikuwa wameshayazoea. Ila mama alianza kumwita Hayawahusu kwa sauti ya chini.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama Kalisti alinyamaza kwa kumwogopa mama. Mtoto hupima watu kwa woga wake mwenyewe. Nilipokua zaidi nikadhani alinihurumia fimbo. Sikujua ukweli mpaka nilipokwenda kumtembelea, mimi nimeshakuwa mama wa watoto wawili, yeye macho yameanza kumwishia. Alinipapasa uso ili anijue. Tulipokwisha kula, nikamwuliza.

"Mama, siku ile ya wembe. Kwa nini hukusema?"

Alifikiri kidogo, kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Ningekuuliza pale, mbele ya mama yako, ungekana," alisema. "Hukuwa umesema uongo bado, nilikuangalia. Ulikuwa umenyamaza tu. Ningekuuliza, ungekana kwa mdomo. Na mtu akikana mara moja, mara ya pili inakuja yenyewe. Sikutaka uanzie kwangu."

"Na watu walivyokusema?"

"Walisema," alijibu. "Nilikuwa mtu mzima, Sesi. Wewe ulikuwa na miaka tisa."

Asubuhi ileile, kabla ya kupanda pikipiki kuja kwake, nilikuwa nimemsimamisha mwanangu wa kwanza mbele ya chupa ya chai iliyovunjika, nikimuuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo tayari, nikilirudia mara tatu, kila mara kwa sauti kali zaidi. Alikana mara zote tatu. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Niliporudi jioni sikumuuliza tena. Nilimwita jikoni tumenye viazi. Tulikaa kwenye vigoda viwili, sufuria katikati, hatukuongea. Nilikuwa nasikia maganda yanavyodondoka. Kwenye kiazi cha nne au cha tano, bila kuinua macho, akasema mwenyewe habari ya chupa.